Siku machozi ya mgonjwa yaliponipita
Mimi ni muuguzi hapa Goma. Jumanne iliyopita mama mmoja alinisimulia jinsi alivyompoteza mwanawe njiani, huku ameshika kiatu kimoja cha mtoto, nami nikajikuta nahesabu chupa za dawa zilizobaki kabatini. Niliogopa sana. Nilidhani moyo wangu umekufa, kumbe ulikuwa umechoka kubeba machungu ya watu bila kupumzika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu, wala si ugonjwa. Lakini kwetu anayekiri kuchoka huonekana mvivu, jambo linaloniuma. Jioni nilimweleza mkuu wetu wa zamu, naye akanipangia siku 3 za mapumziko. Kesho nitarudi kumtafuta yule mama.