Kikaragosi cha ngozi: nimefika kwenye matundu

Ngozi imekauka, kazi inaendelea. Kwa mgeni: ninatengeneza kikaragosi cha Hanuman, mungu-nyani wa Kihindu, kwa mtindo wa tholu bommalata, mchezo wa vikaragosi vya kivuli wa Andhra Pradesh, kusini mwa India. Huko ngozi ya mbuzi hukwanguliwa hadi ipitishe mwanga, kisha hupakwa rangi pande zote mbili. Ndiyo maana kwenye pazia lao huoni weusi mtupu. Unaona nyekundu, kijani na manjano zikitembea.

Ngozi ilitoka buchani, na aliyenisaidia kuiwamba ni fundi wa ngoma wa mtaani. Kazi zetu zinafanana mpaka manyoya yanapotoka. Baada ya hapo yeye anataka ngozi inayolia, mimi nataka inayoonyesha ng'ambo. Nikiweka kiganja nyuma yake sasa nahesabu vidole, isipokuwa kwenye uti wa mgongo, ambako ni nene. Hapo nimekata kiwiliwili.

Utamu uko kwenye kutoboa. Mkufu, taji na mapindo ya nguo ni safu za matundu tu, na taa ikiwashwa nyuma ndipo yanameta kama vito. Natumia msharasi kwa matundu madogo na patasi nyembamba kwa yale marefu. Yakikaribiana mno, ngozi inachanika. Mabega na viwiko nimeviunga kwa uzi wa katani wenye fundo kila upande, mkono ubaki unaning'inia na kuyumba wenyewe. Katikati kuna ufito wa mwanzi uliopasuliwa, unaobana mwili toka kichwani hadi chini. Changu kinanifika kiunoni. Vikubwa vya kwao hukaribia kimo cha mtu.

Katika kijiji cha Nimmalakunta, mafundi wengi siku hizi hutumia ngozi hiyohiyo kutengeneza vifuniko vya taa na mapambo ya ukutani, kwa kuwa sinema na runinga zimewachukua watazamaji wa michezo ya usiku kucha. Siwalaumu, taa inalisha familia. Ila taa haina kiwiko. Kwingine vikaragosi vimeingia darasani: CCRT, taasisi ya serikali iliyoko Delhi, huwafundisha walimu kuvitumia kufundishia.

Kinachonivutia zaidi ni Kerala, jimbo jingine la kusini mwa India. Tolpavakoothu, mchezo wao wa vivuli, huchezwa kwenye mahekalu ya mungu wa kike Bhadrakali, nyuma ya pazia zikiwaka taa 21 za vifuu vya nazi. Hata asipotokea mtu, mchezo huendelea, maana mtazamaji mkuu ni mungu huyo mwenyewe: alipokuwa akipigana na pepo Darika, vita vya Rama na Ravana, ambavyo ndivyo mchezo husimulia, vilimpita bila kuviona. Msanii gani mwingine ana uhakika hivyo wa kupata mtazamaji?

Kwa taa, nimejaribu balbu ya kawaida. Zamani Andhra walitumia mafuta ya nyonyo, na ulimi wa moto ukitikisika kikaragosi huonekana kinapumua. Nyonyo nimeshaagiza. Rangi zinafuata, nikianzia mkiani.