Nilivyoweza kuonyesha kazi ya FFmpeg ndani ya dirisha la programu yangu

Ami yangu ana studio ya video za harusi pale Majengo, na baada ya Idi harusi hufuatana mpaka kazi zinamrundikia. Kila video lazima ipunguzwe ukubwa kabla mwenyewe hajapewa. Kuipakia kwenye tovuti za kubadilishia video haifai kabisa: kwenye kupamba wanawake wamevua mabuibui, na familia zinamwamini Ami kwamba picha hizo hazitatoka nje ya duka. Kwa hiyo kazi inafanywa na FFmpeg, programu ya kubadilisha video, humo humo kwenye kompyuta yake.

FFmpeg haina dirisha wala vitufe. Huendeshwa kwa kuandika amri. Nikamtengenezea programu ndogo kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha: unachagua faili, unabonyeza kitufe, basi. Toleo la kwanza lilitumia `subprocess.run`, ambayo hungoja mpaka amri imalizike ndipo irudi. Harusi ya saa tatu si mchezo. Dirisha likapauka, kipanya kikawa kinazunguka, na Ami akaniita: "Mwanangu, hii imekufa ama yafanya kazi?"

Swali hilo lilistahili jibu kwenye skrini, si kutoka kwangu.

Nilihamia `Popen`, ambayo huianzisha amri na kukuacha uendelee. Mstari wa maendeleo wa FFmpeg hutoka kwenye mkondo wa makosa, `stderr`, na umepangwa kwa ajili ya macho ya mtu. Kwa programu kuna njia safi zaidi: ongeza `-progress pipe:1 -nostats`, na `stdout`, mkondo wa matokeo ya kawaida, itakupa mistari kama `speed=2.1x` na `progress=continue`, mpaka `progress=end` mwishoni. Mimi nilichukua `out_time_ms`. Tahadhari hapa: jina linasema milisekunde, lakini namba inayotoka ni ya maikrosekunde. Igawanye kwa 1,000,000 upate sekunde, kisha linganisha na urefu wa video unaopewa na `ffprobe`, programu ndugu ya FFmpeg. Hapo una asilimia.

Lakini usiisome mikondo hiyo kwenye uzi (`thread`, mfululizo wa kazi ndani ya programu) uleule unaochora dirisha. Nilianzisha uzi wa pili unaosoma mstari mmoja mmoja na kuutia kwenye foleni, `queue.Queue`. Dirisha lenyewe huichungulia foleni kila baada ya milisekunde 100 kwa `root.after`. Uzi wa pili haugusi kitufe wala maandishi yoyote. Tkinter haipendi kuguswa kutoka pembeni.

Jambo lililonifundisha zaidi ni kujaa kwa paipu, yaani njia inayopitisha data kutoka programu moja hadi nyingine. Kwenye Linux, nilikoandikia programu, paipu kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ukisoma `stdout` peke yake huku `stderr` nayo umeifungia paipu isiyo na msomaji, ikijaa FFmpeg husimama kimya katikati ya kazi, bila kosa lolote la kuonyesha. Nilielekeza `stderr` kwenye faili. Ina faida ya pili: kazi ikiharibika, mistari ya mwisho ya faili hiyo ndiyo ninayomwonyesha Ami.

Pia kulikuwa na skripti yangu nyingine ya Python, ya kupanga majina ya faili, iliyokaa kimya kisha ikatema mistari yote kwa pamoja. Programu ikiona haiandiki kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), hukusanya matokeo kwenye bafa, hifadhi ya muda, kwanza, kama matatu isiyoondoka stejini mpaka ijae. Kuiendesha kwa `python -u`, inayozima bafa hiyo, kulitosha.

Kompyuta ya studio ni ya Windows, na huko kila amri ilifungua dirisha jeusi lililomtia Ami wasiwasi. `creationflags=subprocess.CREATE_NO_WINDOW`, iliyopo tangu Python 3.7, ililiondoa.

Kitufe cha kusimamisha nilikifikiria sana. Ukiiua FFmpeg ghafla, faili ya MP4 hubaki bila faharasa yake na kwa kawaida haifunguki. Kwa hiyo niliifungulia FFmpeg paipu kwenye `stdin`, mkondo wake wa kupokea, na kitufe huandika herufi `q` humo, kisha `flush` ili itoke papo hapo. FFmpeg huacha kazi kwa utaratibu na kuifunga faili vizuri, na kipande kilichokwisha kubadilishwa kinachezeka. Ami hukitumia kuangalia rangi kabla ya kuiachia video nzima iendelee usiku.