Naomba Usiulize Swali

Tangu Jumamosi sentensi moja ya binti yangu haijanitoka moyoni. Nilikuwa nikipiga pasi gauni la kwendea kikao cha wazazi, naye akaja kusimama mlangoni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akasema, "Mama, ukifika kule naomba usiulize swali." Nikamuuliza kwa nini. Akaitazama ile soksi. "Wataisikia sauti yako."

Sikumjibu. Nilikwenda, nikakaa safu ya nyuma, nikasikiliza habari za michango ya chakula na za mitihani, nikarudi bila kufungua kinywa. Mambo mengine ya wiki, pamoja na ile barua ya kuthibitishwa kazini niliyoingojea tangu mwaka jana, yamenipita kama ya mtu mwingine. Nikiosha vyombo namsikia. Nikiwa ndani ya daladala namsikia. Hakusema watanicheka, wala hakusema kwamba namtia aibu. Alisema wataisikia.

Najua lilikotoka neno hilo. Tulipohamia Dar es Salaam kutoka Kasulu, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, alikuwa darasa la sita, na wiki ya kwanza tu wenzake walimwita Mrundi. Sisi Waha tunaishi mpakani. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji wake huelewana, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwa wilayani kwetu tangu mwaka 1996, kwa hiyo mtu wa Kigoma akisema maneno mawili mjini huulizwa kwanza nchi yake. Mtu mzima hulizoea swali hilo. Mtoto wa miaka 12 hulala nalo na kuamka nalo. Akajifunza kusema kama watoto wa hapa, na Kiha akakiacha kabisa, hata babu yake akimsemesha kwa simu humjibu kwa Kiswahili. Mimi nikashukuru nikidhani amepona, kumbe alikuwa amejificha, na Jumamosi aliogopa kwamba nitamfichua.

Jumatano nilitoka kazini mapema nikawakuta barazani, yeye na rafiki yake wa kidato cha kwanza, binti aliyehamia hapa kutoka Pemba mwezi wa kwanza. Walikuwa na daftari la Baiolojia magotini. Kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, na waliotoka shule za msingi za Kiswahili huanza kubabaika pamoja, bila mwenyeji wala mgeni kati yao. Walikuwa wakihangaika kulitamka neno la Kiingereza la usanisinuru, kila mmoja akikwama mahali pake, wakacheka hadi daftari likaanguka. Kisha yule wa Pemba akasema, "Kesho skuli tutaulizwa," akajiziba mdomo. "Darasani wananicheka nikisema skuli."

"Sema tu," binti yangu akamwambia. "Mimi waliniita Mrundi."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo tangu siku alipolileta nyumbani akilia. Halafu akaanza kumfundisha mwenzake kuamkia kwa Kiha. Yule akakosea, naye akamrudishia salamu ile polepole, akiuvuta mwisho wake kama anavyouvuta bibi yake mzaa baba. Nilibaki nyuma ya pazia, mfuko wa nyanya mkononi, nikiogopa kupiga hatua. Miaka miwili ya nasaha zangu haikufika pale alipofika binti mwenzake kwa kukiri tu kwamba na yeye huchekwa.

Kikao kijacho ni mwezi wa tisa. Sijamuuliza kama naruhusiwa kusema, na nadhani sitamuuliza. Nitasubiri aniambie mwenyewe.

Usiku huu kinachoninyima usingizi ni babu yake. Dawa zake za shinikizo la damu zilipaswa kuisha jana, na tangu Jumatatu simu yake haipatikani.