Kompyuta moja, eti mashine tatu
Diski ya kompyuta ilikufa wiki iliyopita. Nimeweka mpya, nimesakinisha kila kitu, nikasema leo nipumzike na gemu yangu ya zamani. Naingiza namba ya leseni iliyo kwenye kasha, jibu linakuja: umefikisha kikomo cha usakinishaji. Mara tatu, basi!

Kompyuta ni ile ile jamani. Siku ya kwanza ikahesabiwa moja. Nilipobadilisha kadi ya picha, kinga ya gemu, ile programu ya kuzuia nakala za wizi, ikaiona kompyuta kama mashine ngeni: mbili. Windows ikaharibika, nikaiweka upya: tatu. Eti ningeiondoa gemu kwanza ningerudishiwa nafasi yangu. Diski imekufa ghafla, ningeiondoaje, kwa dua?

Na hii ina nafuu. Ile nyingine ya CD, yenye kinga ya SafeDisc, haifunguki kabisa, maana Windows 10 ilipotoka 2015 haikuikubali tena kinga hiyo.

Huduma kwa wateja wanataka picha ya risiti. Risiti ya miaka 12! Wakati huohuo aliyepakua nakala ya wizi anacheza tu, wala haulizwi chochote.