Pembetatu ya boksi la biskuti

Mpwa wangu anayesoma kidato cha nne huja kwangu Nkuhungu kila Jumamosi akiwa na daftari la Hisabati, na kwa wiki tatu sasa hatujaondoka kwenye mistari sambamba na mistari inayokatana kwa pembe mraba. Kanuni zote mbili anazijua kwa ghibu: mistari sambamba ina mteremko uleule (yaani kiasi ambacho mstari hupanda au kushuka kwa kila hatua moja ya kwenda kulia), na mistari inayokatana kwa pembe mraba ina miteremko ambayo zao lake ni hasi 1. Hata hivyo, akipewa mlinganyo wa 2x + 3y = 6 huandika haraka kwamba mteremko ni 2, kwa sababu 2 ndiyo namba iliyo jirani na x, ilhali hajaiacha y peke yake upande mmoja ili aone kwamba mteremko ni hasi 2/3.

Kosa hilo lilirekebishika kwa mazoezi machache. Swali lililonisimamisha ni hili: "Mjomba, kwa nini tukitafuta mteremko wa mstari wa pembe mraba tunageuza sehemu juu chini halafu tunabadilisha alama?" Nilikiri moyoni kwamba mimi mwenyewe nilimaliza sekondari bila kuuliza.

Nilichukua kipande cha boksi la biskuti, nikakata pembetatu mraba yenye pande za vyumba 4 na 2 vya karatasi ya grafu. Niliilaza upande mrefu ukiwa chini, na ukingo wake wa mshazari ukaonyesha mstari unaokwenda kulia vyumba 4 na kupanda vyumba 2, yaani mteremko wa 1/2. Kisha niliibana kwa ncha ya penseli kwenye kona ya chini kushoto, nikaizungusha robo duara kinyume na mwendo wa saa. Upande wa 4 uliokuwa umelala ukasimama, na upande wa 2 uliokuwa umesimama ukalala kuelekea kushoto. Ukingo uleule sasa ulikwenda kushoto 2 na kupanda 4, kwa hiyo mteremko ukawa 4 kugawanya kwa hasi 2, ambao ni hasi 2. Namba zimebadilishana nafasi kwa sababu pande zenyewe zimebadilishana nafasi, na alama ya hasi imetokana na kule kuelekea kushoto. Kijana aliichukua ile pembetatu, akaizungusha mwenyewe mara nne au tano bila kusema neno.

Tuliendelea na mstari y = 1/2x + 1. Nilimtaka atafute mstari unaoukata kwa pembe mraba na kupita kwenye nukta (2, 7). Alipata y = -2x + 11, na alipoitatua milinganyo hiyo miwili kwa pamoja aliona kwamba mistari inakutana kwenye (4, 3). Hapa nilimtahadharisha kuhusu skeli, kwa kuwa mimi iliwahi kuniponza. Katika mtihani mmoja wa majaribio nilichora mhimili wa x kwa sentimita 1 kwa kila kizio, na mhimili wa y kwa sentimita 1 kwa kila vizio viwili, nikaipima pembe kwa protrakta na kuandika kwa kujiamini kwamba mistari haikatani kwa pembe mraba. Ukiichora mistari hii yetu kwa skeli za namna hiyo, pembe itasoma karibu nyuzi 59 badala ya 90, ingawa hesabu haina kosa lolote. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha kwa macho achore mihimili yote miwili kwa skeli moja.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ya umbali. Mstari y = 1/2x + 6 ni sambamba na ule wa kwanza, nao unapita kwenye ile nukta (2, 7). Nilipomuuliza mistari hiyo miwili imeachana kwa umbali gani, alijibu 5, kwa kuwa 6 ukitoa 1 hubaki 5. Hiyo ni tofauti ya kusimama wima tu. Umbali wenyewe hupimwa kwa pembe mraba, kutoka (2, 7) hadi (4, 3), nao ni kipeuo cha pili cha 20, takriban 4.47.

Hapa Dodoma mfano hautafutwi mbali. Reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000 na reli mpya ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435, na vipimo hivyo huchukuliwa kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili, kwa pembe mraba. Ukilaza futi kamba mshazari utapata namba kubwa zaidi, na reli itakuwa haijapanuka hata kidogo. Nafasi kati ya safu za mizabibu kule Hombolo hupimwa vivyo hivyo, na anayetaka shamba lisiende upogo huanza kona kwa kamba ya mita 3, 4 na 5, kwa kuwa pembetatu yenye pande hizo ina pembe mraba.

Kabla hajaondoka nilimpa mstari y = 3 na mstari x = 2. Alisema mteremko wa kwanza ni 0, akaanza kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 0 italeta hasi 1, akakwama. Nilimrudishia ile pembetatu, lakini aliisukuma kando, akachora mistari yote miwili kwa rula na kucheka. Kisha akafungua ukurasa wa kanuni, na chini ya ile ya hasi 1 akaongeza kwa wino mwekundu: isipokuwa mmoja umelala na mwingine umesimama.