Mgonjwa Wangu wa Ndoo Nyeupe

Julai hii, baridi ya Moshi ilipokuwa imekaza, nilimkuta samaki wangu wa dhahabu amejibanza kwenye kona ya tangi, pezi la mkia limechanika na magamba matatu ya ubavuni yamebanduka, kwa sababu alikuwa amekwama kwenye jiwe lenye ncha kali ambalo mimi mwenyewe niliokota mtoni nikaliweka humo kuwa pambo. Iliniuma sana.

Nilimhamishia kwenye ndoo nyeupe ya lita 20 yenye pampu ndogo ya hewa, nikayeyusha humo gramu 20 za chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto. Maji ya bomba niliyaacha wazi usiku kucha ili klorini ipungue, na kila asubuhi nilibadilisha robo ya maji, kwa kuwa uchafu wa samaki huzalisha amonia inayounguza matamvua na kuchelewesha kidonda kupona. Chumvi niliirudishia kwa yale maji mapya tu, maana haipotei na mvuke.

Siku nne hakugusa chakula. Mama mkwe alipopita aliinamia ndoo, akasema kwa upole, “Pole na mgonjwa, mwanangu.” Siku ya tano nilimenya punje moja ya njegere iliyochemshwa, aliipapasa kwa midomo, akaitema, kisha akairudia na kuimeza, nami nikashusha pumzi.

Wiki ya tatu, ukingo wa pezi ulianza kuota utando mwembamba unaopitisha mwanga. Jana nimemrudisha tangini, na lile jiwe nimelitupa.