Kwa nini tunaanza na mtaa ambao bado mzima

Swali ninaloulizwa mara nyingi nikiwa kazini ni hili: kwa nini mitambo ya lami imekwenda kwenye mtaa ambao haujaharibika, wakati mtaa wa pili una mashimo ya kumeza gurudumu? Watu huuliza kwa hasira, na hasira yao naielewa. Mimi ni fundi sanifu wa barabara. Kazi yangu ni kukagua mitaa ya jiji na kuandika hali yake, na ninachoandika ndicho kinachosomwa mezani pesa za matengenezo zinapogawanywa. Leo nijibu kwa kirefu.

Lami haichakai kwa mwendo mmoja. Miaka ya mwanzo hali yake hushuka polepole, karibu usione tofauti. Jua na hewa vinaikausha bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto za lami, inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Ufa wa kwanza ni mwembamba na hausumbui dereva yeyote. Shida inaanza maji yakishapata pa kuingilia. Yanashuka hadi kwenye tabaka la kokoto, msingi unalainika, na kila gari zito linapopita linayakamua maji hayo yapande juu yakiwa yamebeba chembe laini za msingi wenyewe. Ukitaka kuliona kwa macho yako, tafuta barabara yenye nyufa asubuhi baada ya mvua ya usiku, uso wake ukiwa umeanza kukauka. Kandokando ya nyufa utaona mistari ya unyevu imebaki, na juu yake ungaunga wa rangi ya udongo. Huo ni msingi wa barabara unaotoka nje kidogokidogo. Nikishauona, najua kuziba ufa peke yake hakutoshi tena. Inabidi pale pachimbwe, msingi urudishiwe na kushindiliwa upya. Kuanzia hatua hiyo barabara huporomoka haraka sana.

Kwa hiyo mpango wa jiji hutegemea kujua kila mtaa uko wapi kwenye safari hiyo. Tunaugawa mtandao mzima wa barabara kuwa vipande, kwa kawaida kutoka makutano hadi makutano, na kila kipande kinapewa alama. Kipimo kinachotumika katika miji mingi kilitokana na kazi ya wahandisi wa Jeshi la Marekani miaka ya 1970: alama 100 ni lami mpya, 0 ni barabara iliyokufa. Natembea na rula, gurudumu la kupimia na fomu. Kila kasoro hukata alama kwa aina yake, ukubwa wake na eneo lililoathirika. Ufa wa kukatiza barabara usiofikia upana wa milimita 10 huandikwa mdogo. Ukipita milimita 75 ni mkubwa.

Lakini alama peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapobishana na wanaotaka kupanga kila kitu kwa namba moja. Mitaa miwili inaweza kupata alama zinazokaribiana huku ikiumwa magonjwa tofauti. Mmoja una nyufa ndefu zilizosambaa kila mahali kwa sababu ya uzee wa lami. Msingi wake bado imara. Mwingine uso wake ni safi sehemu kubwa, ila kwenye njia ya magurudumu kuna nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba. Huo wa pili umechoka kutoka chini. Wa kwanza nitaupendekezea kuzibwa nyufa kisha kupakwa tabaka jembamba. Ukiupaka wa pili dawa hiyohiyo, nyufa zitarudi na pesa imepotea, maana tabaka jembamba huzuia maji na jua tu. Nguvu ya kubeba mzigo haliongezi.

Uzito wa magari nao una hesabu zake. Majaribio makubwa yaliyofanyika karibu na Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ukiongeza uzito mara mbili, madhara yanakuwa kama mara 16. Ndiyo maana mtaa wanakopita mabasi na malori ya taka nautembelea mapema kuliko mtaa wa magari madogo, hata kama ililazwa lami mwaka mmoja.

Sasa pesa. Kujenga upya kipande kilichokufa ni kung'oa kila kitu hadi udongo. Gharama hiyo ingeweza kulinda vipande vingi ambavyo bado vizima. Jiji likitumia bajeti yote kwenye mitaa mibovu zaidi, ile mizuri itakuwa inashuka bila kulindwa, na baada ya miaka michache orodha ya mibovu itakuwa ndefu kuliko ilivyoanza. Hilo ndilo jibu la lile swali la hasira.

Hata hivyo sikubali hesabu hiyo iachwe itawale peke yake. Anayeishi kwenye mtaa uliokufa analipa kodi kama wengine, na ukifuata gharama tu, zamu yake haitafika kamwe. Fungu la kujenga upya litengwe kila mwaka, hata likiwa dogo, na kila mtaa mbovu uandikwe mwaka wake kwenye orodha ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Wakati huohuo mashimo ya hatari yazibwe.

Jambo linaloniuma zaidi ni lami mpya kukatwa. Nimewahi kuona mtaa uliotoka kukamilika ukichimbwa mtaro wa bomba la maji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiraka hata kikizibwa vizuri, maungio yake ni ufa unaosubiri kufunguka. San Francisco ina kanuni ya kuzuia uchimbaji kwa miaka 5 baada ya barabara kuwekwa lami upya, isipokuwa kwa sababu maalumu kama dharura. Kanuni ya namna hiyo inafanya kazi pale tu wa mabomba, wa nyaya na wa barabara wanapokaa na ramani moja miaka kadhaa kabla, ili bomba chakavu libadilishwe kwanza.

Na wewe unayeripoti shimo, tusaidie kwa maelezo mawili zaidi: maji husimama hapo muda gani baada ya mvua, na mtaro wa karibu una nini ndani yake. Mara nyingi shimo linalorudi kila msimu chanzo chake ni mtaro ulioziba, na kuuzibua kunahitaji koleo na watu wachache tu.